Kichupa cha Mkojo wa Mgeni

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa kichupa. Kidogo, cha plastiki, kifuniko chekundu. Daktari wa mifugo anataka nikirudishe Ijumaa kikiwa na mkojo wa paka, kisipungue nusu. Nikamweleza kwamba nina miaka kumi na tisa kwenye kaunta ya vitu vilivyopotea, stesheni ya treni. Nimeshapokea meno ya bandia, tarumbeta, hata mguu wa mbao, na vyote nimevirudisha kwa wenyewe. Paka mmoja hanishindi.

Daktari hakucheka. Alikuwa anambonyeza Mgeni tumboni, taratibu.

Mgeni ni paka wa mama. Alikuja siku ya mvua akiwa amelowa chapachapa, mama akasema huyu ni mgeni tu, mvua ikikatika ataondoka. Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Aliyeondoka ni mama, mwezi wa Novemba, na mgeni wake nimebaki naye mimi. Wiki mbili sasa hataki kula. Anajificha nyuma ya jokofu, anakojoa matone mawili matatu, analia. Daktari amesema huenda ni kibofu, huenda ni figo. Kibofu kina dawa. Figo zikiwa zimechoka, basi tutazungumza. Sikupenda alivyosema tutazungumza. Ndivyo walivyosema na kwa mama.

Dada alikuwepo. Ni dada yangu mkubwa, fundi wa miwani, mtu ambaye vitu vidogo havimpiti. Tulipotoka nje akanikumbusha wale samaki wangu marehemu. Halafu akanikumbusha maua ya mama, vyungu sita, niliyoachiwa kwa wiki moja tu. Akasema kichupa kikinishinda, Ijumaa jioni anakuja na kikapu na Mgeni anahamia kwake. Hakusema kwa hasira. Hasira za Dada nimezizoea, upole wake ndio ulionitisha.

Daktari amenipa pia pakiti ya punje za plastiki zisizofyonza maji. Nitoe mchanga kwenye beseni la paka, nitie punje, beseni likae mahali alipozoea, kisha nimwache peke yake. Basi. Mtu amesoma miaka yote hiyo kuja kuniambia nikae mbali. Pakiti nimeitupa juu ya kabati. Mimi nina mpango.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: upawa.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa bafuni, juu ya kigoda, upawa wa supu mkononi. Beseni la Mgeni liko bafuni tangu Novemba. Zamani lilikuwa chumbani kwa mama, chini ya dirisha, lakini chumba kile nilikifunga wiki ya mazishi na beseni nikalihamisha. Bafuni panafaa zaidi. Kuna vigae.

Mgeni aliingia saa moja kasoro. Akanusa mchanga. Akachuchumaa. Nikasogeza upawa, polepole, kwa ustadi mkubwa. Akageuza kichwa akautazama upawa, akanitazama mimi, kisha akasimama na kutoka. Mama alikuwa na jicho kama hilo nilipomletea matokeo ya mtihani. Hasemi kitu, anatoka tu.

Nikangoja tena mpaka saa tatu. Miguu ikafa ganzi. Niliposimama nikaanguka na pazia la bafu.

Nilichelewa kazini. Mkuu wa stesheni akataka kujua sababu. Nikamwambia mgonjwa nyumbani. Akauliza ni nani. Nikasema mgeni. Akanipa pole kwa dhati kabisa na mimi nikaipokea.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa pili: bomba la maji. Niliwahi kusikia kwamba sauti ya maji yanayotiririka humvuta yeyote. Nikajifungia bafuni na Mgeni, nikafungua bomba kidogo, nikasubiri.

Ni kweli tupu. Nilikwenda haja mara nne. Mgeni hakwenda hata mara moja. Alijikunja nyuma ya mlango akawa anaukwaruza, na kila akikwaruza namwambia vumilia, na kila nikimwambia vumilia analia.

Nje, Mwalimu akachungulia juu ya ukuta. Huyu ni jirani yetu, mwalimu mstaafu. Alinifundisha hesabu utotoni na mpaka leo hajanisamehe. Akauliza mbona nafuga mafuriko ndani. Nikamweleza shida yangu, kwa kifupi. Lilikuwa kosa. Akavimba kichwa palepale. Akasema paka wake, yule dume la rangi ya chungwa anayeitwa Bwana Mkubwa, kila siku saa moja asubuhi hushuka chini ya ngazi akamaliza haja zake ndani ya karai la bluu. Karai tupu, halina hata mchanga. Akasema yote ni malezi. Kisha akarudia: malezi. Kama alivyozoea kurudia jibu sahihi akinitazama mimi.

Nilifunga dirisha. Maji yalikuwa yamefika sebuleni.

Alhamisi, 7 Machi

Leo sina hamu ya kuandika, lakini nitaandika.

Mpango wa tatu ulikuwa kumfuata. Nilifunga kichupa kwenye ncha ya ufagio kwa kamba ya viatu, nikamfuata Mgeni chumba hadi chumba bila viatu, mwendo wa kunyata. Jikoni, sebuleni, ukumbini. Alisimama kidogo mbele ya mlango wa mama kama anavyofanya kila siku, akaweka pua kwenye upenyo wa chini. Nikangoja kwa heshima. Kisha akaruka juu ya kabati. Nikapanda kiti. Kiti kikayumba, nikashika kabati, pakiti ya punje ikapasuka na nusu yake ikanimwagikia kichwani. Nimezikuta nyingine ndani ya sikio nikiwa kazini.

Mgeni alishuka, akaona kofia yangu ya kazi sakafuni, akachuchumaa ndani yake. Mbele ya macho yangu! Nikiwa chini, ufagio uko mbali, kichupa kimeviringika chini ya meza.

Nilitambaa nikaishika kofia. Kitambaa kilikuwa kimeshakunywa kila kitu. Nikaikamua juu ya kichupa kwa nguvu zangu zote na nikaambulia patupu. Ndipo nikaona rangi. Mkojo ulikuwa wa waridi.

Nilikaa sakafuni na kofia yangu mapajani. Nimeogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma: nimeogopa kuliko siku nilipoitwa hospitali, kwa sababu siku ile sikujua naitiwa nini. Sasa najua watu wanaitiwa nini. Kama jibu ni figo, sitaki kulisikia. Na jibu likichelewa, Dada anakuja na kikapu, na nyumba hii itabaki na mimi na jokofu.

Kuna jambo nimelifikiria. Sitaliandika leo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefanikiwa.

Saa moja kasoro dakika tano nilikuwa kwa Mwalimu kuazima ngazi. Sina haja yoyote na ngazi. Nilimwambia taa ya ukumbini imeungua. Akaniingiza ndani, akaenda jikoni kuchemsha chai, huku akinieleza kwa sauti kwamba watu wengi hawajui kukokotoa pembe ya kuegemeza ngazi. Saa moja kamili Bwana Mkubwa akashuka. Hakunitazama. Alisimama kwenye karai la bluu na kufanya kazi yake kikamilifu, kama karani anayejua zamu yake, kisha akaondoka. Nikatoa kijiko mfukoni. Nusu dakika, kichupa kimejaa hadi shingoni. Mwalimu aliporudi na chai nilikuwa naisifu ngazi.

Kichupa nikakiandikia lebo pale stesheni, kwa mwandiko wangu wa kazi. Kaunta yetu ina utaratibu ambao sijauvunja tangu siku ya kwanza. Hatuandiki jina, kwa sababu ukiandika jina kila mpita njia atakuja kudai. Tunaandika mahali kitu kilipopatikana na saa. Nikakipeleka kwa msaidizi wa daktari kabla ya saa sita. Akasema maabara watatoa majibu Jumatatu.

Nikampigia Dada simu nikamwambia kichupa kimefika. Hilo si uongo. Dada akasema ahsante, mdogo wangu. Hajaniita hivyo tangu mazishi. Nilitaka kufurahi.

Jumapili, 10 Machi

Mgeni hajala tangu jana. Nimempa samaki, nimempa maziwa, nimempa kuku wangu mwenyewe kutoka sahani yangu. Ananusa, anarudi nyuma ya jokofu.

Nimemwambia avumilie, majibu ya kesho yatakuwa mazuri. Alinitazama. Nikaenda kufagia punje.

Jumatatu, 11 Machi

Nilimwalika Dada kliniki mwenyewe. Nilitaka aone. Nilivaa shati jeupe. Daktari alipotoa bahasha, mimi ndiye niliyeipokea, na mimi huyuhuyu, kwa mikono miwili, nikamkabidhi Dada aifungue. Nilidhani ni ishara nzuri.

Dada akasoma kwa sauti. Figo hazina tatizo. Damu hakuna. Mkojo safi kabisa, wa paka mwenye afya. Daktari akakunja uso, akasema ajabu, kwa jinsi tumbo lilivyokuwa. Mimi nikasema hewa ya nyumbani inasaidia.

Dada hakukunja karatasi. Fundi wa miwani husoma mpaka chini kabisa, pale ambapo watu wengine tunaona mstari tu. Akainua karatasi karibu na uso, akasoma tena kwa sauti ileile. Maabara walikuwa wamenakili lebo yangu neno kwa neno. Mahali: nyumbani kwa Mwalimu, chini ya ngazi, karai la bluu. Saa: moja kamili asubuhi. Mwenyewe: hajulikani.

Miaka kumi na tisa, mkono wangu haujawahi kuandika mahali pa uongo. Haukuniuliza.

Nilitamani ardhi ipasuke. Daktari hakupayuka. Alivua miwani, akaniuliza swali moja, Mgeni amekula lini mara ya mwisho. Nikasema juzi. Akauliza kama anakojoa. Nikamwambia kuhusu kofia na ile rangi. Ndipo akasema, akiongea polepole, kwamba karatasi hii kama ingemdanganya angeturudisha nyumbani mikono mitupu, na paka aliye hivyo hana siku nyingi za kusubiri. Akanipa kichupa kingine. Hakunipa mimi, alimpa Dada.

Njiani Dada alikishika kichupa mkononi. Nilijaribu kueleza. Nikaona maneno yangu yanapita pembeni yake, nikaacha.

Tulipofika akauliza beseni liko wapi. Nikasema bafuni. Akauliza wakati wa mama lilikuwa wapi. Nikautazama mlango wa mama. Akanyoosha mkono, akasema nipe ufunguo.

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Uko mfukoni kila siku. Nimeufungia lebo ya kazini. Dada aliisoma pale ukumbini, na hii hakuisoma kwa sauti. Mahali: chumba cha mama. Mwenyewe: na hapo niliacha wazi, kwa sababu Novemba sikujua niandike nini, na hata Machi sijui. Stesheni, kitu kisichodaiwa tunakitunza siku tisini. Chumba kile kilikuwa kimefungwa siku mia moja na kumi na tisa.

Dada alishika ufunguo kwa muda. Akasema kila anapokuja hapa hufika mpaka kwenye mlango huu, kisha hujifanya amekumbuka birika jikoni. Mimi nilidhani anapenda chai.

Akafungua.

Kila kitu kilikuwapo. Sweta la kijivu kwenye mgongo wa kiti. Miwani dirishani, ile ambayo Dada alimtengenezea, mkono mmoja umefungwa uzi. Shuka zimekunjwa kwa mkunjo wa mama. Vumbi juu ya vyote. Na chini ya dirisha, sakafuni, mraba mweupe mahali beseni lilipokaa miaka tisa.

Dada akaleta beseni, akaliosha, akatia zile punje zilizobaki, akaliweka juu ya mraba ule. Likaingia sawasawa. Akaniambia nikae kitandani, nigeuzie beseni mgongo, nifunge mdomo. Nikakaa. Akakaa kando yangu. Tukatazama ukuta.

Hatukumwita. Tulisikia kucha zake ukumbini, zinakuja, zinasimama mlangoni. Kisha zikaingia. Alipita kwenye sweta, akakawia hapo. Halafu punje zikalia. Kimya. Halafu ule mlio mdogo wa maji, unakatika, unarudi, unakatika, unarudi. Dakika nne kwa saa yangu. Ndipo nikaelewa kwamba paka huyu amekuwa akijizuia tangu Novemba, akisubiri mtu afungue mlango, na kila siku mimi nilikuwa nampeleka kwenye vigae.

Dada alianza kulia kwanza. Mimi nilijikaza, nikashindwa. Tulilia kwa sauti ya chini, migongo kwenye beseni, tusimshtue.

Kichupa kilipatikana kikiwa na zaidi ya nusu. Dada alikiandika mwenyewe. Jina tu.

Jumanne, 12 Machi

Ni kibofu. Figo nzima!

Vidonge kila jioni kwa siku kumi, maji mengi, beseni lisihamishwe. Daktari amesema kujizuia kumechangia sana, na tungechelewa siku tatu nne asingeahidi kitu. Alisema akinitazama. Niliangalia kalenda ya ukutani mpaka alipomaliza. Dada ndiye anayempa Mgeni vidonge, mimi hunishinda nguvu.

Tarehe 22, Ijumaa, anataka kichupa kingine kuhakikisha. Dada ameniachia Mgeni, kwa masharti mawili. Chumba kibaki wazi. Na kichupa cha tarehe 22 kiwe cha Mgeni, kiwe safi. Nikivuruga, kikapu. Nimekubali yote mawili kwa moyo mmoja.

Mwalimu ameuliza kama taa imewaka. Nimemwambia bado.

Jumatano, 20 Machi

Nyumba imebadilika. Asubuhi nafungua dirisha la mama na upepo unapita mpaka jikoni. Dada huja jioni, huketi kwenye kile kiti, na sasa chai hanywi kabisa. Sweta tumelitandika sakafuni, Mgeni analala juu yake kutwa nzima, na akiamka anakula kama mwenye nyumba. Kila siku saa moja kamili huingia kwenye beseni bila kuombwa. Mkojo ni wa rangi ya kawaida. Juzi nilisimama mlangoni nikamtazama na nikasikia raha ambayo sijaisikia muda mrefu. Nampenda paka huyu. Nilikuwa sijawahi kuiandika.

Nimetafakari sana yaliyopita. Mtu mzima lazima ajiulize kosa lake lilikuwa wapi, akiri, asilirudie. Nimejiuliza kwa unyenyekevu. Kosa langu lilikuwa kumpa Dada bahasha aifungue.

Keshokutwa ni Ijumaa. Ningeweza kuchota tu cha Mgeni asubuhi, ni kazi ya kijiko kimoja. Lakini usiku wa kuamkia leo sikulala vizuri. Itakuwaje kama kibofu hakijapona sawasawa? Itakuwaje kama figo nazo zimechoka katikati ya wiki hii, bila kuniambia? Dada atakuja na kikapu, chumba kitakuwa wazi na hakuna mtu ndani. Sitaki kubahatisha. Nyumba imetulia, majibu nayo yatulie.

Kwa bahati nzuri ngazi ya Mwalimu bado sijairudisha. Nitairudisha Ijumaa, saa moja kasoro dakika tano. Atataka kunichemshia chai, namjua.

Safari hii bahasha nitaifungua mwenyewe. Kila kitu kimepangwa, hakuna cha kukimbizana nacho. Kijiko kiko kwenye mfuko wa shati. Kichupa kiko mezani, na lebo nimeshaiandika kabisa, mahali na saa, kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa kwanza.